Ni sw, swa, swh au sw-Arab? Kulinganisha misimbo ya lugha na ya hati katika metadata

Niliwahi kukabidhiwa jedwali la rekodi za vitabu, kanda za sauti na picha za miswada, nikaombwa nizihamishie kwenye mfumo mpya. Safu ya lugha ilikuwa na majina saba kwa lugha moja: Kiswahili, Swahili, kisw., sw, swa, SWA, na mahali pengine ke. Aliyeandika ke bila shaka alikuwa akiifikiria nchi. Hayo saba yalisafishika kwa alasiri moja. Kilichoniumiza ni kwamba miswada iliyoandikwa kwa hati (yaani herufi) za Kiarabu iliwekewa swa ileile ya vitabu vya hati za Kilatini, bila alama yoyote ya kuitenganisha. Ilibidi tufungue picha moja baada ya nyingine, kwa macho, ili tujue ipi ni ipi.

Tangu hapo, mtu akiniuliza atumie msimbo gani wa lugha, kwanza namuuliza maswali mawili: kilichomo ni lugha gani, na kimeandikwa kwa hati gani? Hayo ni mambo mawili tofauti, na viwango vinavyoyajibu ni tofauti. Viwango vya lugha viko vingi kuliko watu wanavyodhani, vinafanana kwa sura, na vinapishana pale ambapo kosa halionekani mpaka siku ya kutafuta.

Herufi mbili au herufi tatu

Kiwango kinachojulikana zaidi ni ISO 639-1 (ISO ni Shirika la Kimataifa la Viwango), chenye misimbo ya herufi mbili. Orodha yake ilitoka mwaka 1988 ikiitwa ISO 639 tu. Jina la 639-1 lilikuja na toleo la 2002. Herufi 26 zikipangwa mbili mbili hutoa michanganyiko 676, na lugha za dunia ni maelfu, kwa hiyo tangu mwanzo orodha hii haikuwa na nafasi ya kila mtu. Ina misimbo zaidi kidogo ya 180. Kiswahili kimo kwa sw, Kinyarwanda kwa rw, Kirundi kwa rn, Kisomali kwa so. Kisukuma, Kijaluo na Kimaasai hazimo, wala hazitaingia: ipo kanuni kwamba lugha iliyokwisha kupata nafasi katika orodha ya herufi tatu ya ISO 639-2 haipewi baadaye msimbo wa herufi mbili. Kanuni hiyo inaonekana kali, lakini inalinda data ya zamani. Lugha ikipewa msimbo wa pili wakati rekodi zake zimekwisha kuwekewa wa kwanza, rekodi zinagawanyika makundi mawili yasiyojuana.

ISO 639-2, ya mwaka 1998, ilizaliwa maktabani, na msimamizi wake ni Maktaba ya Bunge la Marekani. Ina misimbo ya herufi tatu isiyofika 500. Mambo mawili ndani yake huwakwaza wageni. La kwanza ni kwamba lugha 20 zina misimbo miwili kila moja: mmoja wa kibibliografia, unaoitwa B, na mwingine wa kiistilahi, unaoitwa T. Kijerumani ni ger katika B na deu katika T. Kifaransa ni fre na fra, Kichina ni chi na zho, Kiajemi ni per na fas, Kigiriki ni gre na ell. Wakutubi walikuwa wameshajaza mamilioni ya kadi kwa misimbo iliyotokana na majina ya Kiingereza, huku wengine wakitaka jina ambalo wenye lugha wenyewe hulitumia; pande zote mbili zikapewa haki. Kiswahili hakina mgawanyiko huo, ni swa pande zote.

La pili ndilo linalonigusa zaidi. ISO 639-2 ina misimbo ya makundi kwa lugha zisizopewa msimbo wao. Kitabu cha Kihaya katika kiwango hiki hupata bnt, yaani "lugha za Kibantu". Cha Kigogo bnt. Cha Kimakonde bnt. Maktaba ikiwa na vitabu 300 vya lugha 40 za Kibantu zisizo na msimbo, msomaji anayemtafutia mtoto wake kitabu cha Kigogo anapewa vyote 300. Kwa lugha kubwa kiwango hiki kinatosha kabisa. Kwa lugha nyingi za Afrika kinafuta kile hasa ambacho safu ya lugha ilitakiwa kukihifadhi.

ISO 639-3, iliyotoka mwaka 2007 chini ya usimamizi wa SIL International, shirika la utafiti wa lugha, ilikuja kuziba pengo hilo. Nia yake ni kila lugha inayojulikana: zinazosemwa, zilizokufa, za kale, na hata za kubuniwa. Ina misimbo zaidi ya 7,000. Kihaya kinapata hay, Kigogo gog, Kimakonde kde. Lugha za ishara nazo zinapata majina yao, kama ase kwa ile ya Marekani na bfi kwa ile ya Uingereza, badala ya kurundikwa zote katika sgn ya 639-2. Kwa lugha zenye misimbo miwili, 639-3 ilichagua ile ya T, kwa hiyo Kijerumani humu ni deu peke yake.

Tazama lugha tatu zikipita katika mifumo hii (BCP 47, sarufi ya kuunganisha misimbo, nitaieleza mbele):

| Mfumo | Kiswahili | Kihaya | Kijerumani |
|---|---|---|---|
| ISO 639-1 | sw | haimo | de |
| ISO 639-2 | swa | bnt | ger au deu |
| ISO 639-3 | swa, na ndani yake swh na swc | hay | deu |
| BCP 47 | sw (swh na swc pia ni halali) | hay | de |

Nafasi ya Kiswahili katika 639-3 inahitaji maelezo, maana hapo ndipo wengi wetu hupotea. swa ni lugha mwavuli: msimbo mmoja unaofunika lugha zaidi ya moja ambazo kwa madhumuni fulani huhesabiwa kuwa moja. Chini yake kuna swh, Kiswahili kama lugha mahususi, na swc, Kiswahili cha Kongo. Kiarabu (ara) na Kichina (zho) ni miavuli pia, tena yenye watoto wengi kuliko wetu. Jihadhari na jirani wa kialfabeti: swb si tawi la Kiswahili hata kidogo. Ni Kimaore, mojawapo ya lugha za Komoro. Nimeiona imewekwa kwenye kanda za Kiswahili na mtu aliyeona "sw" mwanzoni akaridhika.

Sehemu nyingine za familia hii zinataka maneno machache tu. 639-5 ya mwaka 2008 ina misimbo ya familia za lugha, inamfaa mwanaisimu kuliko mwenye katalogi. 639-6 ilijaribu kuingia hadi kwenye lahaja kwa herufi nne, ikaondolewa mwaka 2014. Ukiikuta katika mwongozo wa zamani, iache. Mwaka 2023 sehemu zote ziliunganishwa kuwa kiwango kimoja, ISO 639:2023, na zilizokuwa sehemu sasa huitwa seti. Misimbo yenyewe haikubadilika, kwa hiyo rekodi zako hazina la kuogopa.

Hati ina kiwango chake

Msimbo wa lugha hausemi chochote kuhusu maandishi. Kazi hiyo ni ya ISO 15924, iliyochapishwa mwaka 2004, ambayo msimamizi wake ni Shirika la Unicode. Kila hati ina herufi nne, ya kwanza kubwa: Latn kwa Kilatini, Arab kwa Kiarabu, Cyrl kwa Kisirili, Ethi kwa hati za Ethiopia, Deva kwa Devanagari, Brai kwa maandishi ya nukta nundu. Ina misimbo zaidi ya 200. Kila mmoja una pia nambari ya tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza ina maana: zinazoanza na 1 ni alfabeti zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, zinazoanza na 2 ni za kushoto kwenda kulia. Arab ni 160, Latn ni 215. Mpango huo unanipendeza, ingawa sijawahi kuuhitaji kazini.

Je, kila rekodi iwekewe hati? Hapana. Lugha nyingi leo huandikwa kwa hati moja tu kwa kawaida, na kumwambia msomaji kwamba Kiingereza kimeandikwa kwa Kilatini ni kumjazia safu bure. Hati inakuwa muhimu pale lugha inapokuwa na zaidi ya moja, na orodha ya lugha hizo ni ndefu. Kiserbia kina Latn na Cyrl, vyote viko hai. Kipunjabi kina Guru (Gurmukhi) na Arab. Kihausa kina Latn, na kina Arab kwa maandishi ya Ajami. Kichina kina Hans, iliyorahisishwa, na Hant, ya jadi. Kiswahili kina karne kadhaa za tenzi, barua na nyaraka za mali zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla na hata baada ya Kilatini kushika madarasa. Mtu anayejenga mkusanyo wowote wenye Kiswahili cha kale asipoweka safu ya hati anaipoteza historia hiyo mbele ya macho yake.

Faida yake inaonekana papo hapo. Programu ya kutambua maandishi katika picha inahitaji kujua ikisome Kilatini au Kiarabu. Msomaji anayejua Kiswahili lakini hasomi herufi za Kiarabu anastahili kuonywa kabla ya kupakua faili kubwa. Mtafiti anayetafuta miswada ya hati za Kiarabu pekee anastahili kuipata kwa kubonyeza mara moja. Hata ndani ya hati moja msimbo wa lugha na wa hati husaidiana: herufi kadhaa za Kisirili cha mlazo zina maumbo tofauti katika Kiserbia na Kirusi, na fonti nzuri huchagua umbo kwa kuitazama lebo ya lugha.

Kuna misimbo minne ya hati inayoanza na Z ambayo haina budi kujulikana. Zxxx ni kwa kisichoandikwa, kama kanda ya mazungumzo. Zyyy ni kwa alama zinazotumiwa na hati nyingi, kama tarakimu na vituo. Zinh ni kwa alama zinazofuata hati ya herufi zilizo kando yake. Zzzz ni pale hati haijulikani au haina msimbo. Katika katalogi utakutana na ya kwanza na ya mwisho. Mbili za kati ni za watengenezaji wa programu.

BCP 47: vipande vinavyounganishwa

Mpaka hapa tuna misimbo ya lugha upande mmoja na ya hati upande wa pili. BCP 47 ni sarufi ya kuviunga. Msingi wake wa sasa ni waraka wa RFC 5646 (RFC ni nyaraka za viwango vya mtandao) wa mwaka 2009, uliorithi RFC 1766 ya 1995, RFC 3066 ya 2001 na RFC 4646 ya 2006. Vipande hupangwa kwa utaratibu usiobadilika, lugha kwanza, kisha hati, kisha eneo, kisha aina, na kati yao kistari. Hivyo sw ni Kiswahili, sw-KE ni Kiswahili cha Kenya, sw-Arab ni Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na sw-Arab-KE ni vyote viwili. Maeneo hutoka katika ISO 3166-1, orodha ya misimbo ya nchi, au katika nambari za Umoja wa Mataifa. Ndiyo maana Kihispania cha Amerika ya Kilatini huandikwa es-419. Kipande cha aina hueleza jambo kama tahajia: de-1901 ni Kijerumani cha tahajia ya zamani, de-1996 ni cha tahajia mpya.

Herufi kubwa na ndogo hazibadilishi maana. SW-arab na sw-Arab ni kitu kimoja kwa kompyuta. Desturi ni lugha kwa herufi ndogo, hati ianze na kubwa, eneo kwa herufi kubwa zote, na ningekushauri uishike, kwa sababu jicho la binadamu husoma haraka kilichozoeleka. Mifumo ya uendeshaji ya ukoo wa Unix ina namna yake ya zamani, sw_TZ.UTF-8 au sr_RS@latin, yenye kistari cha chini na hati iliyotupwa mwishoni baada ya alama ya @. Usiihamishe namna hiyo kwenda kwenye metadata, yaani taarifa zinazoeleza rekodi.

Kanuni moja ya BCP 47 huwashangaza waliotoka maktabani: lugha ikiwa na msimbo wa herufi mbili, huo ndio unaotumika, wa herufi tatu hauruhusiwi. Kwa hiyo swa si lebo halali hapa. Ni sw. Lakini hay ni halali, kwa sababu Kihaya hakina kifupi kuliko hicho. Ukiona orodha yenye sw na hay ndani ya safu moja usidhani mtu amechanganya viwango, anafuata kanuni.

swh je? Ni halali, ipo katika sajili ya vipande inayotunzwa na IANA, shirika linalosimamia majina na nambari za mtandao. Tatizo liko kwenye kulinganisha. Waraka mwenza, RFC 4647, unaeleza jinsi programu inavyotafuta: ombi la sw linalingana na sw, sw-KE na sw-Arab, maana zote zinaanza na kipande sw kinachofuatwa na kistari au mwisho. Halilingani na swh wala swc, hata kama binadamu anajua kwamba ni ndugu. Ukiweka swh kwenye kurasa zako zote, kivinjari cha mtu aliyeomba sw kinaweza kuzipita na kumletea Kiingereza. Kwa sababu hiyo ninaweka sw kwa Kiswahili sanifu na cha pwani, na ninaitumia swc pale tu ninapokuwa na hakika kwamba maandishi ni ya Kiswahili cha Kongo na kwamba mfumo utakaoipokea unaielewa. Vinginevyo sw-CD inafika mbali zaidi, kwa sababu inabaki ndani ya ukoo wa sw.

Kutafuta kwa kupunguza kunafuata njia hiyohiyo. Mfumo ukiombwa sw-Arab-KE na usiipate, unashuka hadi sw-Arab, kisha sw. Mpangilio wa vipande una sababu: hati iko kabla ya eneo kwa kuwa msomaji atavumilia Kiswahili cha nchi jirani kuliko atakavyovumilia maandishi asiyoweza kuyasoma.

BCP 47 ina jambo jingine ambalo wakusanyaji wa miswada watalipenda. Kiendelezi cha t, kilichoelezwa katika RFC 6497, husema kwamba maandishi yamegeuzwa kutoka hati au lugha nyingine. Utenzi wa hati za Kiarabu uliohawilishwa kwa Kilatini unaweza kuwekewa sw-Latn-t-sw-arab: Kiswahili kwa Kilatini, kilichotokana na Kiswahili kwa Kiarabu. Lebo moja fupi inamwambia mtafiti kwamba anachokisoma kimepita mikononi mwa mhawilishaji. Si kila programu itaitumia, lakini zinazofuata kiwango hazitaikataa.

Uthabiti ndio sababu kubwa ya mimi kuegemea BCP 47. Mwaka 2003 msimbo wa nchi CS, uliowahi kuwa wa Czechoslovakia, ulipewa Serbia na Montenegro. Data ya zamani ikageuka maana bila mtu kuigusa. Sajili ya vipande inayotunzwa na IANA iliweka kanuni kwamba kipande kikishaingia hakifutwi wala hakigeuzwi maana. Kinaweza tu kuwekewa alama kwamba kimepitwa na wakati, pamoja na kinachopendekezwa badala yake. Kiebrania kilikuwa iw kikawa he, Kiindonesia kilikuwa in kikawa id, Kiyidi kilikuwa ji kikawa yi, mabadiliko ya mwaka 1989. Lugha ya programu ya Java iliendelea kurudisha iw kwa Kiebrania hadi toleo la 17, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Ukiunganisha data kutoka vyanzo vingi, tafsiri hizo tatu ziweke mapema.

Kwa wanaokwenda chini ya lugha

Ukitaka kutofautisha lahaja, ISO 639 itakuacha njiani. Glottolog, inayotoka katika taasisi ya Max Planck nchini Ujerumani, hutoa msimbo kwa familia, kwa lugha na kwa lahaja, wenye vibambo vinne na tarakimu nne: Kiswahili ni swah1253, Kiingereza ni stan1293. Kila ingizo limefungwa na marejeo ya maandishi ya wanaisimu, jambo linaloipa uzito. Udhaifu wake ni kwamba kivinjari, kisoma skrini na programu ya maktaba havina habari nayo.

Kwa lugha za Kibantu kuna pia mpango wa Malcolm Guthrie, wa kanda za herufi na nambari, ambao wanaisimu wetu bado wanaupenda. Kiswahili ni G42, na ndani yake Kiamu ni G42a, Kimvita G42b, Kiunguja G42d. Kwa mkusanyo wa mashairi ya pwani, tofauti ya G42a na G42b ina maana kubwa kuliko tofauti yoyote inayotolewa na ISO. Uweke, ila katika safu yake yenyewe. Na ukitaka lahaja ionekane ndani ya lebo ya BCP 47 wakati sajili haina kipande chake, kuna nafasi ya matumizi binafsi baada ya x, kwa mfano sw-x-kimvita, yenye sharti kwamba kila kipande kisizidi herufi au tarakimu nane. Wa nje hawataielewa, lakini wataisoma sw na kuendelea.

Kipi kwa kazi ipi

Mara nyingi mfumo utakaopokea data umeshakuchagulia. Rekodi ya MARC 21, muundo wa katalogi za maktaba, ina nafasi tatu tu za lugha, ya 35 hadi ya 37 katika sehemu 008, na zinajazwa kwa misimbo ya mtindo wa 639-2 B: swa, ger, bnt. Usipigane na nafasi hizo. Lakini usikubali bnt iwe neno la mwisho. Sehemu 041 inakubali misimbo ya chanzo kingine mradi ukitaje, na hapo hay ya ISO 639-3 inaingia kihalali. Hati iandike katika sehemu 546, kijisehemu b. Maktaba nyingi huziruka sehemu hizi mbili kwa haraka, na wanaoumia ni wasomaji wa lugha ndogo.

Wachapishaji wanaotuma taarifa za vitabu kwa ONIX wanakutana na 639-2 B tena, lakini ONIX 3 ina kisanduku tofauti cha hati kinachotumia ISO 15924. Napenda utaratibu huo: swa mahali pake, Arab mahali pake, hakuna haja ya kuchambua kistari.

Kwenye wavuti hakuna mjadala. HTML, XML, EPUB na schema.org zote hutumia BCP 47, na Dublin Core, orodha ya kawaida ya sehemu za metadata, inaipendekeza. Lebo hapa ina matokeo yanayosikika kwa masikio: kisoma skrini huchagua sauti kwa kuitazama, na ukurasa wa Kiswahili uliowekewa en husomwa kwa matamshi ya Kiingereza hadi asiyeona akate tamaa. Kumbuka tu kwamba sw-Arab haigeuzi mwelekeo wa maandishi. Mwelekeo una sifa yake, dir, ambayo lazima iwekwe rtl.

Sauti na video zina mizigo ya zamani. Faili la MP4 huhifadhi lugha kwa biti 15, tano kwa kila herufi, kwa hiyo ni herufi tatu kamili za 639-2 T na si zaidi. Lebo ndefu ina kisanduku cha ziada kilichoongezwa baadaye. Matroska, muundo mwingine wa faili za video, ilianza na mtindo wa B, kisha ikaongeza sehemu ya BCP 47. Kijerumani kwa hiyo ni deu katika faili moja na ger katika jingine, bila mtu yeyote kukosea.

Kwa mkusanyo wa data ya lugha, iwe kwa utafiti au kwa kufundisha mifumo ya kompyuta, chukua ISO 639-3 pamoja na ISO 15924. Lugha mwavuli ni hatari hapa. Ukiweka ara kwa Kiarabu cha nchi zote, au swa kwa sauti zilizorekodiwa Lubumbashi na Lamu kwa pamoja, huwezi kuzitenganisha tena bila kusikiliza upya.

Makosa yanayojirudia

Msimbo wa nchi si wa lugha, hata pale unapofanana nao. ug ni Kiuyghuri, UG ni Uganda. km ni Kikhmer, KM ni Komoro. am ni Kiamhari, AM ni Armenia. se ni Kisami cha Kaskazini, ilhali Kiswidi ni sv. tz na ke si misimbo ya lugha yoyote katika 639-1. rw na so zinapatana na nchi zake kwa bahati, na bahati hiyo ndiyo inayowadanganya watu.

Tovuti maarufu nazo si mwalimu mzuri. Wikipedia ya Kialemani inakaa kwenye als, ambayo katika ISO 639-3 ni Kialbania cha Kitoski. Msimbo sahihi ni gsw.

Kuna pia misimbo minne ya pekee ambayo hutumika kama jaa. und ni pale lugha haijabainishwa. mis ni pale lugha inajulikana lakini haina msimbo. mul ni lugha nyingi, zxx ni kisicho na lugha, kama muziki wa ala tupu. Kanda ya hadithi za Kiswahili si zxx kwa kuwa haijaandikwa, ni sw-Zxxx. Na usiandike mul pale unapoweza kutaja lugha zenyewe: kamusi ya Kiswahili na Kiarabu iwekewe sw na ar, thamani mbili. Kwa lugha isiyo na msimbo kabisa, nafasi za qaa hadi qtz, 520 kwa jumla, zimetengwa kwa matumizi binafsi. Andika ndani ya mradi wako kila mmoja una maana gani, kwa sababu qaa yako si qaa ya mwenzako.

Jedwali langu lile la rekodi sasa lina safu nne. Ya kwanza ni jina la lugha kama lilivyoandikwa na aliyeikusanya, halibadilishwi kamwe. Ya pili ni msimbo mahususi kabisa wa ISO 639-3 tunaoweza kuuthibitisha: swh, swc, hay. Ya tatu ni hati kwa ISO 15924, ikiwemo Zxxx kwa kanda. Ya nne ni lebo ya BCP 47, na hiyo haiandikwi kwa mkono. Programu ndogo huitengeneza kutoka kwa mbili zilizotangulia, ikigeuza swh kuwa sw na kuongeza hati pale tu isipokuwa ya kawaida kwa lugha hiyo. Maktaba ikihitaji herufi tatu za MARC, programu hiyohiyo hurudi kwenye safu ya pili na kutoa swa au bnt. Kutoka hay unaweza kufika bnt wakati wowote. Kutoka bnt kurudi hay ni lazima ukifungue kitabu.